UZI: Kufunga kamera za zamani za kukunja kwenye tripodi (tundu, bushi, bamba, mlango na waya wa kufyatulia)

#1 Chumba_cha_Giza

Wakuu, salaam. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya kamera za kukunja zenye mvukuto (kile kikunjo kati ya lenzi na mwili) tu: Ikonta na Nettar za Zeiss Ikon, Bessa za Voigtländer, Isolette na Billy za Agfa, Retina za Kodak, na Moskva za kiwanda cha Krasnogorsk. Nyingi ni za miaka ya 1930 hadi 1950, mwili wake ni bati jembamba au aluminiamu iliyovikwa ngozi, na hazikuundwa kwa ajili ya mabamba mapana ya tripodi za leo. Malalamiko yanayojirudia ni matatu: skrubu haiingii, skrubu inaingia lakini kamera inazunguka, au kila kitu kimekaza na bado picha inatoka imetikisika. Nianze na la kwanza, maana hapo ndipo watu wanaharibu kamera moja kwa moja.

Matundu ya tripodi ni ya saizi mbili. Dogo ni la robo inchi, meno 20 kwa inchi, kipenyo mm 6.35. Kubwa ni la inchi 3/8, meno 16 kwa inchi, kipenyo mm 9.5. Kamera za Kijerumani za kabla ya vita mara nyingi zina 3/8, za Marekani na Uingereza zina robo. Zilizotengenezwa Ujerumani kwa soko la Marekani zinachanganya, hasa Retina, kwa hiyo usiamini jina lililoandikwa mbele. Pima tundu.

Kosa la kwanza ni kutumia bolti ya M6 kutoka duka la vifaa vya ujenzi. M6 ina kipenyo cha mm 6 na hatua ya mm 1 kutoka jino hadi jino. Robo inchi ina hatua ya mm 1.27. Bolti hiyo itaingia ikiwa imelegea, mizunguko miwili mitatu ya mwanzo utadhani imekubali, halafu ukikaza inakula meno ya tundu. M10 kwenye tundu la 3/8 haiingii kabisa bila nguvu, na ukiilazimisha unapasua tundu lenyewe. Skrubu ikigoma baada ya mzunguko mmoja, simama. Itoe, safisha tundu kwa kijiti cha meno na tone la mafuta mepesi kwenye pamba, jaribu tena kwa vidole vitupu. Kabla haijaingia mizunguko mitatu kwa vidole, hakuna chombo kinachopaswa kugusa skrubu hiyo.

Skrubu za zamani za mfumo wa Whitworth zina meno yenye pembe ya nyuzi 55, na za Kimarekani za leo zina nyuzi 60. Kwa saizi hizi mbili idadi ya meno kwa inchi ni ileile, hivyo zinafungana bila shida kwa mzigo mdogo kama kamera. Hilo lisiwape wasiwasi.

Kabla ya kufunga chochote, pimeni kina cha tundu. Chukua kijiti cha kiberiti, kisimamishe ndani hadi kigote, weka alama ya kalamu usawa wa bati la chini, toa, pima kwa rula. Kisha pima skrubu inavyochomoza juu ya bamba la tripodi. Skrubu iwe fupi kuliko kina cha tundu kwa angalau mm 1. Kwenye baadhi ya kamera hizi tundu halina mwisho wa maana: nyuma yake kuna kibati chembamba tu, halafu chumba cha filamu au mvukuto. Skrubu ndefu inakibonyeza, inazuia gurudumu la filamu kuzunguka, au inatoboa mvukuto kwa ndani mahali ambapo hutapaona hadi usafishe filamu na ukute ukungu wa mwanga.

Skrubu ikizidi, weka washa pana ya chuma kati ya kichwa cha skrubu na bamba, kwa chini, ili sehemu inayochomoza ipungue. Usiweke washa kati ya bamba na kamera. Hapo utakuwa umebakiza eneo dogo la mgusano, na kamera itazunguka.

#2 FundiKereza

Mkuu umeanza vizuri. Nashusha upande wa bushi, maana ndizo zinazoleta kazi nyingi kwenye karakana.

Bushi ni kile kipete chenye meno ya 3/8 kwa nje na ya robo kwa ndani. Ziko za aina mbili: zenye ukingo na zisizo na ukingo. Kwa kamera ya kukunja chukua isiyo na ukingo. Yenye ukingo inainua kamera sehemu ya milimita, mzigo wote unakaa juu ya duara dogo, na bati la chini halisaidii chochote. Bushi sahihi inazama hadi usawa wa bati au chini yake kidogo sana. Pitisha ukucha juu yake, usikwame.

Tatizo ni kwamba bushi nyingi za leo ni ndefu kuliko tundu la kamera ya zamani. Inagota kabla haijazama, na sehemu inachomoza. Ifupishe hivi: chukua bolti ya robo inchi, pitisha nati, kisha zungushia bushi kwenye ncha ya bolti na uibane na nati kwa nyuma. Sasa una mpini. Funga bolti kwenye vaisi, kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo ukiacha ziada ya nusu milimita, malizia kwa tupa laini. Nyoosha ukingo wa meno ya nje kwa tupa ya pembetatu. Ukiitoa bushi kwenye bolti, meno ya bolti yanasafisha meno ya ndani yaliyoumia wakati wa kukata. Kata upande usio na mfereji wa bisibisi, la sivyo hutakuwa na pa kushikia.

Kuifunga: safisha meno ya tundu kwa spiriti, weka tone moja la gundi ya kuzuia bolti kulegea, ile nyepesi ya zambarau au bluu. Nyekundu usiiguse, kuitoa kunataka moto na kamera haitaki moto. Rangi ya kucha nayo inafaa. Kaza kwa bisibisi pana inayojaa mfereji wote, au kipande cha bati kilichonolewa kwa saizi ya mfereji. Acha saa 24 kabla ya kuweka kamera kwenye tripodi, vinginevyo bushi itatoka pamoja na skrubu utakapofungua.

Kamera iliyokuja na bushi iliyoganda humo, usiing'ang'anie kwa plaizi. Tone la mafuta ya kupenya, usiku mmoja, kamera ikiwa imelala tundu likitazama juu ili mafuta yasifike kwenye shata (kifaa cha lenzi kinachofungua na kufunga mwanga), halafu bisibisi pana. Kama inaingia skrubu ya robo vizuri na haizunguki, iache ilivyo. Hakuna sababu ya kurudisha 3/8 kwa ajili ya uasilia tu.

#3 Nuru120

Asanteni wakuu. Swali: Isolette III, tundu limeshawekwa bushi, usawa uko sawa. Nikiiweka kwenye bamba lenye mpira na kukaza, bado inazunguka kidogo kila ninapovuta filamu. Nikikaza zaidi naona bati la chini linabonyea. Nifanye nini?

#4 Chumba_cha_Giza

Nuru120, acha kukaza. Bati la chini likianza kubonyea, tundu limebaki hatua moja kung'oka. Kumbuka kazi ya skrubu ni kuivuta kamera ikae juu ya bamba. Kinachozuia kuzunguka ni msuguano kati ya nyuso mbili, na msuguano huo unasaidia zaidi ukiwa mbali na skrubu. Bamba la duara la mm 30 linashika karibu na tundu tu. Bamba la urefu wa mm 70 au 80 lililowekwa kufuata urefu wa kamera linashika hadi karibu na ncha, na kwa mkazo uleule linakataa kuzunguka zaidi ya mara mbili.

Pili, mpira. Mpira laini na mnene unabonyea na kurudi, kwa hiyo kamera inacheza hata ikiwa imekaza. Ubandue. Nunua karatasi ya gasketi ya koki kwenye duka la vipuri vya magari, unene wa mm 1.5 au 2, kata saizi ya bamba, bandika kwa gundi ya viatu, acha chini ya kitabu kizito usiku kucha. Koki inashika ngozi ya kamera bila kuipasua na haina mchezo wa mpira.

Kipimo cha kukaza: vidole vitatu hadi igote, kisha robo mzunguko. Basi. Zile skrubu zenye mfereji wa sarafu ni hatari hapa, maana sarafu inakupa nguvu kubwa kuliko tundu la bati linavyoweza kubeba.

Tatu, na hili wengi hawalifikirii: usizungushe kitufe cha filamu kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ushike mwili wa kamera, wa kulia uzungushe. Nguvu ya kuvuta filamu isifike kabisa kwenye skrubu.

#5 MwanaFilamu

Naongezea kwa Nuru120: angalia kama bamba lako halizuii mlango. Kwenye kamera nyingi za 6x6 (fremu ya sm 6 kwa 6) mlango unashuka kwa mbele na unakaa karibu usawa wa bati la chini. Bamba pana linalochomoza mbele linagongana nao, mlango haufunguki hadi mwisho, mikono yake haifungi sawasawa, na kiti cha lenzi kinabaki kimeinama bila wewe kujua. Funga bamba, kisha fungua kamera pole pole na uhakikishe unasikia mikono yote miwili ikijifunga. Bonyeza mlango kwa kidole: usiwe na mchezo.

Na mkishafungua, ndipo mvute filamu kwenda fremu inayofuata. Mvukuto ukifunguka kwa kasi unavuta hewa, na filamu iliyokwisha kunyooshwa inafyonzwa mbele na kujikunja katikati ya fremu. Shika mlango kwa kidole, ushushe taratibu, kisha vuta filamu.

#6 Lenzi_Kongwe

Wakuu, hakuna aliyegusa tundu la mlangoni. Kamera nyingi za 6x9 (fremu ya sm 6 kwa 9) zina matundu mawili: moja kwenye ubavu mrefu wa mwili kwa picha za mlalo, jingine chini ya mlango kwa picha za wima. Hili la pili liliwekwa na watengenezaji wenyewe, kwa hiyo sioni ubaya kulitumia.

#7 FundiKereza

Mkuu Lenzi_Kongwe, heshima yako, ila hapa natofautiana nawe. Liliwekwa kwa kamera mpya, yenye bawaba na ribiti zisizo na mchezo. Baada ya miaka 70 bawaba ya mlango imelika. Ukiifunga kwa mlango, mwili mzima pamoja na filamu unaning'inia kwenye bawaba na ile mikono miwili. Moskva-5 ina uzito wa karibu kilo moja, na sehemu kubwa ya uzito huo iko nyuma ya skrubu. Mwili unainama nyuma kidogo, na lenzi imefungwa kwenye mlango, haiinami pamoja nao. Filamu na lenzi haviko sambamba tena.

Tufanye hesabu. Kwa 6x9 tukubali doa la ukungu (nukta iliyofifia ambayo jicho bado linaiona kali) la mm 0.05. Nafasi ambayo filamu inaweza kukosea mbele au nyuma ni doa mara namba ya kitundu cha lenzi. Kwa f/3.5 ni mm 0.175 tu kila upande. Kwa f/11 ni mm 0.55. Maana yake, mwili ukiinama kiasi cha kusogeza ncha moja ya fremu kwa mm 0.3, kwa f/3.5 upande mmoja wa picha umeharibika, kwa f/11 hutaona kitu. Ndiyo sababu mmoja anasema tundu la mlango halina shida na mwingine anasema linaharibu picha. Wanatumia vitundu tofauti.

#8 Lenzi_Kongwe

Hesabu imekaa sawa, nakubali. Basi niseme hivi: tundu la mlango litumike f/11 kwenda juu, na kamera ipimwe kwanza. Upimaji: fungua nyuma bila filamu, weka kipande cha karatasi ya kuchorea ramani au kioo chenye ukungu juu ya reli za filamu, kibane kwa mpira wa ofisini. Shata iwe kwenye T (inabaki wazi hadi uifunge), au B (inabaki wazi ukiwa umebonyeza) na waya uliofungwa. Kitundu wazi kabisa. Elekeza kwenye ukuta wa matofali au gazeti lililobandikwa ukutani, ukiwa umesimamisha kamera sambamba na ukuta. Tazama pembe nne kwa kioo cha kukuzia, kwanza kamera ikiwa imefungwa kwa tundu la mwili, kisha kwa tundu la mlango. Pembe zote zikibaki kali mara zote mbili, mlango wako ni mzima. Zikiwa kali kwenye mwili na upande mmoja ukafifia kwenye mlango, liache tundu hilo.

Kile kimguu kinachokunjuka mlangoni ni cha kusimamisha kamera mezani. Msikibane kwa klampu yoyote.

#9 MwanaFilamu

Kwa wasiotaka tundu la mlango, picha ya wima inapatikana kwa kulaza kichwa cha tripodi nyuzi 90. Hapo upande wa kulaza una maana kubwa. Juu ya skrubu ya tripodi, kamera yenyewe ikizungushwa kufuata mshale wa saa, ukiitazama kutoka juu yake, inakaza. Ukilaza kamera, lenzi na mlango viko mbele ya skrubu na vinavutwa chini na uzito wao.

Simama nyuma ya kamera. Ukiilaza kushoto, uzito wa mbele unaizungusha kinyume cha saa, skrubu inalegea yenyewe na lenzi inaanza kutazama chini. Ukiilaza kulia, uzito uleule unaizungusha upande wa kukaza. Kwa hiyo laza kulia. Vichwa vingi vya gololi vina mfereji mmoja tu wa kulaza, basi zungusha kichwa chote hadi mfereji huo uwe kulia kwako kabla ya kufunga kamera.

Na ukilaza, elekeza mguu mmoja wa tripodi upande huohuo wa kulia. Uzito sasa umetoka nje ya kitovu, na tripodi nyepesi inaanguka bila kutoa onyo.

#10 Bi_Shata

Habari za humu. Nina swali la Retina. Nimesoma kwamba kwenye IIIc mkono wa kuvuta filamu uko chini. Je, unaweza kufunga kwenye tripodi bila kuuzuia?

#11 Chumba_cha_Giza

Dada Bi_Shata, umeuliza jambo muhimu sana. Ib, IIc na IIIc zote zina mkono wa kuvuta filamu kwenye bati la chini. Bamba pana linauzuia kabisa au linauacha uende nusu njia. Na hapa ndipo hasara inapotokea: mkono huo unavuta filamu na kupandisha shata kwa pamoja kupitia reli ndogo yenye meno ndani ya kamera. Ukikwama kwenye bamba na mtu akaulazimisha, meno ya reli hiyo yanakatika, na kuyapata mengine ni kazi.

Kwa hiyo Retina hizi ndizo pekee ambazo napendekeza bamba dogo la duara, mm 25 hadi 30, au bamba refu lililogeuzwa likatazama mbele na nyuma badala ya kufuata urefu wa kamera. Kabla ya kuweka filamu, funga bamba na upitishe mkono mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Usiguse chochote. Kama unagusa hata kidogo, weka kati ya bamba na kamera kipande cha aluminiamu cha mm 5 cha upana uleule wa bamba dogo, na skrubu ndefu kwa mm 5 hizohizo. Angalia pia kitufe cha kuachia filamu kwa ajili ya kuirudisha, nacho kiko chini. Bamba likikaa juu yake likakibonyeza, filamu haivutwi na unapiga picha zote kwenye fremu moja.

Retina ni nzito kwa saizi yake lakini haina mvukuto mrefu, hivyo bamba dogo linatosha. Kabla ya kuifunga mlango rudisha fokasi kwenye alama ya mbali kabisa, la sivyo mlango hautakubali.

#12 Nuru120

Nimebadilisha bamba na kuweka koki, haizunguki tena. Shukrani. Sasa upande wa mtikisiko: shata ya 1/25 na ya 1/10, ni waya gani wa kufyatulia, na uingie wapi?

#13 Lenzi_Kongwe

Waya mrefu na laini, sm 30 kwa uchache, sm 50 ni bora. Mfupi na mgumu unahamisha mtetemo wa mkono moja kwa moja. Ukishaufunga uache uning'inie kwa mzingo mpana, usivutike.

Mahali pa kuufunga: kamera nyingi za baada ya vita zina kitufe juu ya mwili kinachosukuma vijiti hadi kwenye shata. Vijiti hivyo vina mchezo, vinahitaji nguvu zaidi, na vinasukuma kiti cha lenzi kabla shata haijafunguka. Kama shata yako (Compur au Prontor) ina tundu la waya juu yake yenyewe, tumia hilo. Meno ya waya ni ya mchongoko. Zungusha kwa vidole tu. Jaribu kwanza bila filamu kuona kwamba pini ya waya inafika na kurudi. Pini ndefu ikisukumwa hadi mwisho inapinda kijimkono cha ndani, kwa hiyo bonyeza hadi shata ifyatuke na uachie hapo.

Lenzi ikisogea mm 0.05 kwa ubavu, picha kwenye filamu nayo inasogea kiasi hichohicho. Ndiyo maana mchezo mdogo wa kiti cha lenzi unaonekana kwenye picha ingawa tripodi ni nzito.

Jihadhari na jambo moja: kufyatulia kwenye shata yenyewe mara nyingi kunaruka ile kinga ya kutopiga mara mbili kwenye fremu moja, maana kinga hiyo iko kwenye kitufe cha mwili. Jiwekee utaratibu wa kuvuta filamu mara tu baada ya kila picha.

#14 Chumba_cha_Giza

Kwa anayetaka kujua mfumo wake unatikisika kiasi gani bila kuchoma filamu, kuna kipimo cha kioo. Chukua kipande cha kioo cha kujitazamia cha sm 1 au 2, kibandike kwa plastisini nyuma ya mwili wa kamera. Elekeza taa ya leza iliyotulia kwenye meza nyingine, mwanga ugonge kioo na kuakisiwa ukutani mita 4 kutoka kwenye kamera. Pandisha shata, fyatua kwa waya, tazama doa.

Kwa lenzi ya mm 105 na doa la mm 0.05, pembe inayoruhusiwa ni 0.05 gawanya kwa 105. Kioo kinazidisha pembe mara mbili, na kwa mita 4 unapata karibu mm 4 ukutani. Doa likicheza chini ya mm 4, mwili umetulia vya kutosha. Kwa lenzi ya mm 75 ya 6x6 una hadi karibu mm 5. Fanya tena kwa shata ya 1/25, 1/10 na sekunde 1, kisha rudia ukifyatua kwa kidole badala ya waya. Hakuna maelezo yatakayokushawishi kununua waya kama doa hilo.

Angalizo: kipimo hiki kinaonyesha mwili tu. Mchezo wa kiti cha lenzi unaupata kwa kukishika kwa vidole viwili na kukisukuma taratibu juu, chini na ubavuni, huku ukitazama ile karatasi yenye picha aliyoieleza Lenzi_Kongwe.

#15 FundiKereza

Kwa wenye 6x9 nzito na tundu bovu, nashusha vipimo vya kitanda cha kuibebea. Kinaondoa mzigo kwenye tundu moja kwa moja.

Chukua aluminiamu ya pembe, mm 50 kwa 50, unene mm 5, urefu mm 170. Ubavu mmoja unalala chini ya kamera, mwingine unasimama nyuma yake. Kabla ya kukata chochote weka kamera ndani na uweke alama mahali pa dirisha jekundu la namba za fremu. Toboa hapo tundu la mm 25 kwa keekee na umalizie kwa tupa ya duara. Kamera za fremu mbili zina madirisha mawili, yaangalie yote. Bandika koki ya mm 1.5 ndani pande zote mbili.

Ubavu wa chini utobolewe mara mbili. Tundu la kwanza lifuate tundu la kamera: mm 6.5 kwa skrubu ya robo, mm 10 kwa 3/8. Kama meno ya kamera yameisha kabisa, acha tundu hili. Tundu la pili liwe katikati ya uzito wa kamera ikiwa imefunguliwa, si katikati ya aluminiamu. Ulipate kwa kusawazisha kitanda pamoja na kamera juu ya penseli, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Hapo chonga meno ya robo inchi kwa tapu: toboa kwanza mm 5.1, tapu iingie wima, mafuta, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Unene wa mm 5 unakupa karibu meno manne, yanatosha.

Kamera ishikwe na mikanda miwili ya velkro ya upana wa mm 20, mmoja kila upande wa mlango. Usipitishe mkanda juu ya mvukuto wala mikono ya mlango.

Kwa picha za wima, ongeza kipande cha pembe hiyohiyo cha mm 80 kwenye ncha moja, kwa bolti mbili za M5, nacho kiwe na tundu lake la robo inchi lenye meno. Kamera inasimama wima juu ya kichwa cha tripodi, mwili ndio uliobebwa, na hakuna haja ya kulaza kichwa wala kugusa tundu la mlango. Chagua ncha ambayo haina kitufe cha filamu.

#16 Bi_Shata

FundiKereza, kubadilisha filamu je? Mgongo si unafunguka nyuma?

#17 FundiKereza

Ndiyo, lazima uitoe kwenye kitanda. Mikanda miwili inafunguka kwa sekunde chache, na kwa 6x9 ni picha 8 kwa filamu ya 120 (ile pana ya rola), kwa hiyo utafanya hivyo mara nyingi. Acha kitanda kwenye tripodi, toa kamera peke yake. Kama umefunga na skrubu ya kamera pia, tumia yenye kichwa cha kuzungusha kwa vidole, na kichwa hicho kizame ndani ya aluminiamu au kikae nje ya eneo la bamba la tripodi.

#18 Nuru120

Na upepo? Pwani hapa jioni mvukuto unapokea upepo kama tanga.

#19 MwanaFilamu

Usinyanyue nguzo ya katikati. Mguu mmoja uelekee kule upepo unakokwenda, miguu ifunguliwe hadi mwisho, na vipande vyembamba vya chini vya miguu viwe vya mwisho kuvutwa. Ning'iniza mfuko wa kilo 2 au 3 chini ya nguzo lakini uguse ardhi kidogo, ukibembea unaongeza mtikisiko. Mkanda wa shingo utoe au uufunge, unapigapiga na kutetemesha kamera. Kwenye mchanga weka kibao au kifuniko cha ndoo chini ya kila mguu. Kisha simama upande wa upepo, mwili wako ukinge kamera, waya mkononi, na fyatua upepo unapopungua. Shata ya 1/50 kwa f/8 itakufaa zaidi ya 1/10 kwa f/16 katika hali hiyo, mradi kamera imefungwa kwa tundu la mwili na si la mlango.